Kosa Kwanza, Sabuni Baadaye

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya paa la jirani, Spana aliamshwa na pikipiki ya mama yake. Hakuhitaji saa. Injini ikinguruma uani, alijua ni saa kumi na mbili kamili. Ikishatoka getini, alijua zimebaki dakika ishirini za kuoga, kunywa chai na kuvaa sare. Jina lake la daftarini liliitwa na walimu tu. Kwingine kote alikuwa Spana, kwa sababu alipokuwa na miaka minne alilala na spana ya shangazi yake chini ya mto, kama watoto wengine wanavyolala na mwanasesere. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na jina lilikuwa limemganda.

Mama yake alikuwa muuguzi wa kuzungukia wagonjwa majumbani. Pikipiki yake ilikuwa nzito, ya zamani, na ilikuwa na jambo moja la ajabu: haikuwa na mnyororo. Nguvu ya injini ilifika kwenye gurudumu la nyuma kwa shafti, yaani fimbo nene ya chuma inayozunguka ndani ya bomba lenye mafuta. Ili gurudumu liweze kupanda na kushuka kwenye mashimo, shafti hiyo ilikuwa na kiungo kinachopinda kama kiwiko. Na ili kiungo kisiingiwe na maji wala vumbi, kilivishwa mpira mweusi wenye mikunjo.

Wiki hiyo Spana alisikia sauti ngeni. Kata-kata-kata, kila pikipiki ilipoanza kutembea.

"Mama, pikipiki inakohoa," alisema Jumatatu.

"Mbona mimi nikikohoa huniulizi?" mama alijibu akicheka, akaondoka zake.

Kufikia Ijumaa kata-kata ilikuwa imegeuka kongo-kongo, na mama hakucheka tena. Alimpigia simu wifi yake.

Shangazi alikuwa fundi wa mabasi, mwanamke mrefu mwenye viganja vya kupimia unga na ulimi usiokosa la kusema. Jumamosi asubuhi aliingia uani na sanduku lake la vifaa begani.

"Shikamoo, shangazi!"

"Marahaba, mwanangu. Niletee trei la mayai. Tupu lakini, sikuja kukaanga."

Trei lile lilikuwa la kuwekea nati na bolti, kila moja katika shimo lake, kwa mpangilio zilivyotoka. Shangazi alikuwa na desturi zake. Nyingine ilitoka gerejini kwake, na fundi mgeni huicheka siku ya kwanza tu: jioni, kabla ya kunawa mikono, kila mmoja husimama mbele ya beseni na kutaja kosa alilofanya siku hiyo. Kosa kwanza, sabuni baadaye. Asiyetaja harudi nyumbani, au basi anarudi na mikono yake michafu.

Walifungua gurudumu la nyuma. Wakatoa bomba lenye shafti, wakalilaza juu ya gunia. Shangazi alipouvua ule mpira wa zamani, Spana alirudi nyuma hatua moja. Mpira ulikuwa umepasuka upande mzima. Badala ya mafuta yalitiririka maji ya rangi ya chai ya maziwa, kisha ukadondoka unga mwekundu. Shangazi alikishika kiungo kwa vidole viwili, nacho kikacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

Shangazi aliketi chini, puu.

"Wifi!" aliita. "Wifi, njoo uone ulichokuwa ukikipanda!"

Mama alitoka jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Humu ndani mlitakiwa kuwa na sindano ndogo ndogo za chuma, zinaogelea kwenye grisi," shangazi alimwambia. "Haipo hata moja. Zimesagika zote, umebaki unga wa kutu. Hiki kingekatika ukiwa kwenye mwendo, gurudumu lingekwama palepale. Wewe ungeendelea na safari peke yako, hewani."

Mama alishika kifua. Spana alimtazama mama yake. Jana tu mama alikuwa amepanda pikipiki hii. Na juzi, na siku zote za wiki.

"Chuma hakina kosa," shangazi aliendelea. "Aliyeanza ni mpira. Ukichanika, maji yanaingia na mafuta yanatoka. Haya niambie, Spana, mafuta yakitoka hapa yanarukia wapi?"

Spana aliinama kutazama. "Kwenye tairi la nyuma."

"Na tairi likilamba mafuta?"

"Linateleza."

"Kona ya kwanza tu, uko chini. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mpira huu haukupi hata nafasi ya kujenga."

Kiungo kipya kiliingia vizuri. Shangazi alikaza bolti nne kwa spana ya kupimia nguvu, ile inayolia "tak" bolti ikitosha, na kila ilipolia Spana alihesabu kwa sauti. Ikabaki kazi ya mwisho, kuuvuta mpira mpya hadi midomo yake miwili ikae kwenye mifereji yake. Nafasi ilikuwa finyu, na viganja vya shangazi havikupita.

"Hii ni kazi yako," alimwambia Spana. "Paka povu la sabuni, sukuma kwa vidole. Vidole peke yake. Chuma kisiuguse mpira, hata kama unakutukana. Mimi nakwenda kununua mafuta ya kujazia."

Spana alijikaza kisabuni. Alipaka povu, akasukuma. Upande mmoja uliingia, mwingine ukatoka. Akasukuma ule uliotoka, ukatoka ule ulioingia. Vidole vilimuuma, jasho likamwingia machoni, na dakika zikapita. Alitaka shangazi arudi akute kazi imekwisha, aseme mbele ya mama, "Huyu ni fundi kabisa." Bisibisi ilikuwa pale pale juu ya gunia. Mara moja tu, alijiambia, tena kwa ncha.

Mpira uliingia kwa sauti ya "pwa!" Spana alitabasamu. Kisha akaona.

Karibu na ukingo, kwa juu, palikuwa na mkato, urefu wa ukucha wa kidole kidogo. Aliufuta akidhani ni uchafu. Haukufutika. Aliubonyeza, ukafunguka kama mdomo. Katikati ya mchana ule wa jua akasikia geti likilia. Bila kufikiri alishika mpira kwa vidole vyote kumi, akauzungusha ndani ya mifereji yake, mpaka mkato ukawa chini kabisa mahali jicho lisipofika.

Shangazi aliinama, akamulika tochi kutoka juu. "Safi! Wifi, una fundi humu ndani!"

Maneno yale aliyoyatamani yalimchoma Spana kuliko matusi. Shangazi alikaza mikanda miwili ya chuma ya kushikilia mpira, wakarudisha gurudumu, wakajaza mafuta. Kisha beseni likaletwa.

"Mimi leo nimesahau washa moja, kile kipete cha chini ya nati, nikalazimika kufungua nati na kuanza upya," alisema shangazi. "Haya, wewe."

"Mimi... sina."

"Huna?"

"Sina, shangazi."

Shangazi alimtazama kidogo, akampa sabuni. Spana alinawa mara tatu.

Hata maji hayajamwagwa, mama alitoka ndani mbio huku akivaa mkoba wake wa dawa. "Wamenipigia, kidonda cha yule mzee wa bondeni kimefumuka. Pikipiki iko tayari?"

"Tayari kama bibi harusi," shangazi alijibu.

Spana alifungua mdomo. Sema, alijiambia, sema sasa. Injini iliwaka, pikipiki ikatoka getini laini, bila kata wala kongo, na shangazi akapiga makofi. Spana hakupiga. Alikuwa akitazama saruji pale ilipokuwa imesimama. Palikuwa na tone jeusi. Karibu na geti palikuwa na jingine, kubwa kuliko la kwanza.

"Shangazi, nimeuchana mpira!"

"Mpira upi?"

"Ule mpya! Nilitumia bisibisi. Nikauficha mkato kwa chini."

Shangazi hakugomba. Alichomoa simu yake haraka, akabonyeza namba ya mama. Simu ya mama ikaita jikoni, juu ya kabati. Walitazamana, na kwa mara ya kwanza maishani Spana aliona hofu kwenye uso wa shangazi yake.

Barabara ya bondeni ilizunguka nyumba nyingi kabla ya kushuka kwenye kona kali, lakini kulikuwa na ngazi za mkato katikati ya nyumba. Spana aliziruka mbili mbili, miguu mitupu, akipiga kumbo nguo zilizoanikwa. Kichwani alikuwa na picha moja tu: mama amelala kando ya barabara, na mkoba wa dawa umefunguka.

Alitokea barabarani karibu na kona. Hapo mkokoteni uliobeba kochi ulikuwa umeziba njia, gurudumu lake moja limezama shimoni, na mwenye mkokoteni anausukuma huku anaomba radhi. Nyuma yake, akipiga honi kwa hasira, alikuwa mama.

"Mama, zima! Usiikate kona!"

Mama aligeuka, uso umempauka. "Kuna nini? Nani amefariki?"

"Tairi, mama! Angalia tairi!"

Mama alizima injini, akashuka, akapitisha kidole kwenye ubavu wa tairi la nyuma. Kidole kilirudi cheusi, kinang'aa. Alikitazama. Kisha akaitazama kona iliyokuwa mbele yake hatua kumi tu, na mtaro wa zege chini ya kona. Akaegemea ukuta.

"Dada," mwenye mkokoteni alisema taratibu, "leo usilitukane sana kochi langu, limekuokoa."

Hakuna aliyecheka.

"Nani amefanya hivi?" mama aliuliza.

"Mimi. Nilitumia bisibisi."

"Ulijua umechana?"

Hilo ndilo swali alilolikimbia tangu saa sita. "Nilijua, mama."

Mama alikipangusa kidole chake ukutani. Aliweka mkoba sawa begani. "Mgonjwa ananisubiri," alisema, akashuka bondeni kwa miguu. Spana alitamani angechapwa. Mgongo wa mama ukipungua barabarani ulikuwa mzito zaidi ya fimbo yoyote.

Shangazi alimkuta Spana pale pale, nao wakaisukuma pikipiki hadi nyumbani. Uani, shangazi alifungua sanduku lake, akatoa kifuko cha plastiki, akakiweka mbele ya Spana. Ndani yake mlikuwa na mpira mwingine, mpya.

Spana aliutazama asiamini. "Ulikuwapo?"

"Ulikuwapo tangu asubuhi. Nilinunua miwili. Mpira wa kwanza huwa wa kujifunzia. Mimi mwenyewe nilichana wa kwangu nikiwa mtu mzima, tena kwa bisibisi hiyo hiyo." Alikifungua kile kifuko. "Ungeniambia, tungebadilisha kwa saa moja na kucheka. Na jambo lingine. Mkato ungeuacha pale pale juu, ungevuja kidogo sana. Umeupeleka chini, mahali mafuta yanapolala. Kuchana hakukutaka kumuua mama yako, Spana. Ni kule kuficha."

Hapo Spana alilia kweli, kwa sauti, na shangazi alimwacha alie.

Kisha gurudumu likatoka tena, bomba likatoka tena, nati zikarudi kwenye trei. Shangazi alilisugua tairi kwa sabuni mpaka likakosa mng'ao. Spana alipaka povu na kusukuma mpira kwa vidole, na ulipomtoka alianza upya, na ulipomtoka tena alianza upya. Bisibisi alikuwa ameipeleka mwenyewe jikoni. Ulipokaa, alimwita shangazi. "Mulika juu, na mulika na chini, tafadhali."

Mama alirudi jua likipungua, miguu imejaa vumbi. Mzee alikuwa salama, kidonda kimefungwa. Aliwakuta wamesimama mbele ya beseni, mikono myeusi, hawajanawa.

"Tunakusubiri wewe," shangazi alisema. "Spana?"

"Leo nimetumia bisibisi nilipokatazwa," Spana alisema, akimtazama mama. "Nikaona mkato, nikauficha. Nikaulizwa, nikasema sina kosa. Nikakuona unapanda, nikanyamaza. Nisamehe, mama."

"Langu la pili," shangazi alisema, "nimekagua kazi kwa kutazama juu tu, na nikampa mtu sabuni huku moyo unaniambia anaficha kitu."

Mama aliinamisha kichwa, akaweka mikono yake pamoja na yao juu ya beseni. "Na mimi mtoto wangu aliniambia Jumatatu kwamba pikipiki inakohoa. Nilimfanyia mzaha, nikaipanda hadi Ijumaa. Kila siku nawaambia wagonjwa kwamba mficha maradhi kilio humfichua, kumbe nayaficha ya kwangu." Akamvuta Spana karibu. "Nimekusamehe. Lakini sikia, mwanangu. Kosa ukilisema linakuwa kazi ya watu wote, tutalitengeneza. Ukilificha, linatoka getini na mtu unayempenda, na wewe umebaki nyumbani umenawa. Siku nyingine uje kwangu na mikono michafu. Nitaipokea."

Kisha akachukua sabuni, akampa Spana wa kwanza.