Jina Alilopewa Manase

Kila Ijumaa, darasa la sita la shule moja ya Muyinga lilikuwa na kelele kuliko soko. Madamu Kasilda alifundisha Kiingereza kwa kuchekesha. Unapewa neno, unaliigiza mbele ya wenzako mpaka wacheke. Josephat alipewa "goat", akaanza kutafuna chaki kama mbuzi. Yasmina, binti wa fundi cherehani, alipewa "needle". Akakaa kwenye kiti, akaruka akipiga yowe, mikono imeshika makalio. Nani angesahau sindano tena?

Ijumaa moja Yasmina akapewa "grandfather", yaani babu. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwa Manase.

Manase alikuwa na miaka kumi na sita. Alikulia kambi ya wakimbizi, Tanzania. Familia yake iliporudi Burundi, akashushwa madarasa, maana Kifaransa hakujua na Kirundi hakuweza kukiandika. Magoti yake yalibanwa chini ya dawati.

Yasmina akachukua rula ndefu ya ubaoni, akampelekea kama mkongojo. "Good morning, grandfather! Meno yako iko wapi?"

Darasa likavunjika mbavu. Madamu naye akacheka mpaka akafuta machozi. Manase alitabasamu kidogo, akatazama chini.

Jumatatu shule nzima ilikuwa inalijua neno hilo. Hata watoto wa darasa la kwanza walimkimbilia getini: "Grandfather! Grandfather!" Siku mbili baadaye, nafasi ya Manase ilikuwa tupu.

Yasmina akasikia yuko bondeni anafyatua matofali. Akamfuata. Manase alikuwa ndani ya udongo mpaka magotini.

"Manase, rudi. Mi nilikuwa natania tu."

"Najua."

"Basi nitawaambia waache."

"Utawaambia wangapi?" Manase hakuacha kukanyaga udongo. "Kule Tanzania niliitwa Mkimbizi, mpaka jina langu likapotea. Nikasema, nikifika kwetu nitaitwa Manase."

 Yasmina alirudi nyumbani analia, na asubuhi akamwambia Madamu yote.

Madamu hakumfokea. Alisema, "We ulisema, mi nikacheka. Twende wote."

Kule bondeni Madamu aliingia kwenye matope na viatu vyake vizuri. "Manase, mwanangu, nilikucheka. Nisamehe." Yasmina naye akaomba msamaha. Manase akanawa mikono polepole.

Alirudi shuleni. Ijumaa iliyofuata akapewa "frog". Alipojaribu kuruka kama chura kutoka pale alipokaa, magoti yakakwama, dawati likanyanyuka pamoja naye. Watu wakacheka, na yeye akacheka kwa sauti.

Halafu sauti ndogo ikaita dirishani: "Grandfather!"

Kicheko kikakatika.

"Mmesikia?" Madamu akasema. "Neno likiingia na kicheko, kulitoa ni kazi. Ndiyo maana nawafundisha hivi, na ndiyo maana nilikosea. Kuanzia leo, anayetaka kuchekesha ajicheke mwenyewe."

Yasmina alikuwa ameshatoka nje. Akachuchumaa mbele ya yule mtoto.

"Anaitwa Manase. Sema."

"Manase."

"Tena."

"Manase!"

Jumatatu asubuhi na mapema, Yasmina alikuwa getini, anamngoja mtoto mwingine.