Mitungi Miwili ya Mtani

Ekzosi ilikuwa inapumua. Si msemo, ilipumua kweli. Bomba lile la chuma laini lilirefuka injini ilipozunguka taratibu, likajikunja injini ilipochachamaa, na kila lilipojikunja kwadi ya Nyamizi ilipiga ukelele uliotikisa spana zote ukutani mwa gereji.

"Enhee! Sema, mwanangu, sema!" Nyamizi alipayuka, akirukaruka na ovaroli lake lililolowa oili.

Katika jiji la Bondeni, huko Mirihi, betri hufa kwa baridi kabla kazi haijaanza. Ndiyo maana watu walikirudia chombo ambacho Duniani kilishapelekwa makumbusho: kwadi, pikipiki ya magurudumu manne, yenye injini ya mipigo miwili. Injini hiyo haina maringo. Pistoni ikipanda inabana mafuta, yakilipuka inashuka, na mchezo unaanza upya. Mafuta yalikamuliwa kwenye mwani, lakini hewa ya Mirihi haiwashi hata kiberiti, hivyo kila kwadi ilibeba mtungi wa oksijeni.

Mhandisi Nyamizi alikuwa amepanua matundu ya silinda na kuuchonga mfuniko wake ili mgandamizo upande. Kisha akafunga ekzosi-hai aliyoibuni mwenyewe. Akili-mashine yake husikiliza mlio, ikajipimia urefu, na mafuta yaliyotaka kutoroka bila kuungua yakasukumwa nyuma kazini. Nguvu ilizidi maradufu. Ulafi wa oksijeni nao ulizidi, lakini nani anamsimanga mlafi anayechapa kazi?

Alichokitaka ni kimoja tu: kupanda Genge. Barafu inayowapa watu wa Bondeni maji iko juu ya ukuta huo wa mawe, na roboti huizungukia kwa safari ya kutwa nzima. Hakuna chombo kilichowahi kuupanda moja kwa moja. Nyamizi alikuwa ameshavaa vazi la nje alipogundua kwamba mtungi wake mmoja hautamfikisha.

Wakati huohuo Pazi, mtunza oksijeni wa jiji, akapita na toroli. Pazi Mzaramo, Nyamizi Mnyamwezi. Watani tangu zama za misafara, na utani huo ulipanda nao chombo cha anga bila kulipiwa nauli.

"Babu zako walibeba mizigo kichwani mpaka pwani," Pazi alisema. "Wewe shingo imelegea, unabebesha chuma!"

"Na babu zako walitungoja kivulini wakipiga ngoma. Mpaka leo hamjapumzika!"

Mtani haombi. Mtani akitaka kuku wa mtani wake, anamkamata. Nyamizi akanyakua mitungi miwili kutoka kwenye toroli, akaifunga nyuma ya kwadi na kutoka mbio.

"Weee! Rudisha! Ya watoto njiti hiyo!" Pazi alipiga kelele.

Nyamizi alicheka mpaka kioo cha kofia ya vazi lake kikaingia ukungu. Mzaramo anajua kulia huyu! Sauti ya Pazi ilipomfuata redioni, "Mnyamwezi, nakwambia rudi," akaizima.

Genge likamjia usoni. Kwadi ilinyanyua magurudumu ya mbele, akalala juu ya usukani, ekzosi ikajikunja, na nguvu ikaja yote kwa mkupuo! Mawe yaliporomoka nyuma yake. Mtungi wake ukaisha, akafungua wa Pazi, injini ikapokea bila kukohoa. Alilia machozi ya furaha, akiimba wimbo wa kulima aliofunzwa na bibi yake, hadi magurudumu yakakanyaga tambarare. Barafu! Ilimetameta mpaka upeo wa macho. Alikuwa ameshinda.

Akawasha redio ili amringie mtani wake.

"Nyamizi," Pazi alisema.

Miaka yote waliyojuana, Pazi hakuwahi kumwita kwa jina.

"Unanitania?"

"Sitanii. Mtambo wa oksijeni umezimwa kwa matengenezo. Ile mitungi ndiyo iliyobaki kwa ajili ya wodi. Mjukuu wangu yumo."

Mtungi mmoja ulikuwa umebaki mzima. Nyamizi hakuthubutu kuuchoma hata kidogo. Alizima injini, akauhamishia mtungi mapajani, akaigeuza kwadi na kujiachia mtelemkoni kwa breki peke yake hadi langoni mwa jiji. Breki zikatoa moshi. Mara mbili nusura apinduke, na mara zote mbili aliukumbatia mtungi kabla ya kujishika mwenyewe.

Wodini alimkuta Pazi ameinama, akiminya mpira wa kupumulia kwa mkono juu ya mjukuu wake, kitoto kisichozidi kiganja kwa upana. Muuguzi aliupokea mtungi, akafungua. Kifua kile kidogo kikaanza kupanda na kushuka chenyewe.

"Ataishi," muuguzi alisema. "Kama ubongo umeguswa, tutajua akikua."

Nje watu walishaizunguka kwadi. Wakuu wa jiji walishangilia maji yatakayofika kabla ya chakula cha mchana, wakataka ziundwe nyingine kumi. Nyamizi hakuwasikia. Alisimama mbele ya Pazi, kofia mkononi.

"Mzaramo, nitukane basi. Sema Mnyamwezi sina akili. Sema lolote."

Pazi alijifuta jasho. Alimtazama bila chuki, kisha akasogea pembeni ili ampishe njia.

"Asante kwa kuurudisha, Mhandisi," alisema.

Kwadi kumi sasa zinapanda Genge kila siku, na Bondeni hakuna anayelala na kiu. Asubuhi Pazi akipita na toroli yake mbele ya gereji, husimama na kumwamkia Nyamizi kwa adabu zote, kama mtu anavyomwamkia mgeni.