Salamu za Marselino

Kila alasiri Limi alipotoka shule, alipitia kwanza sokoni Katoro. Mama yake, Febronia, alikuwa na meza ya vitenge huko. Alipomwona binti yake akitokea na sare za shule, alifungua mbeleko, akamkabidhi mdogo wake Marselino, kisha akarudi kwa wateja wake. Limi alikuwa na miaka kumi na miwili. Marselino alikuwa na miezi sita, mnene wa mashavu, mtoto wa kucheka hata na honi za bodaboda.

Jumatatu moja Limi alimlaza mkekani nyumbani, akaanza kuosha vyombo. Mtoto alipoamka, Limi aligeuka ili amchekeshe. Marselino hakucheka. Kichwa chake kiliinama ghafla kuelekea kifuani, mikono ikaruka mbele, magoti yakajikunja. Kisha akalegea. Kabla Limi hajavuta pumzi vizuri, akainama tena. Na tena.

Sufuria ilimponyoka Limi mikononi.

"Bibi! Njoo umwone mtoto!"

Bibi, mzaa baba yake, aliacha kupepeta choroko, akaja, akatazama kwa muda mrefu.

"Anatoa salamu ya mwangaluka," alisema kwa sauti ya chini. "Anawasalimia wageni ambao sisi hatuwaoni. Hata yule mwingine alikuwa hivi hivi."

Halafu akaziba mdomo kwa kiganja, akarudi kwenye ungo wake.

Yule mwingine alikuwa Charles, mdogo wake Limi aliyemtangulia Marselino. Katika nyumba ile jina hilo halikutajwa. Miaka minne iliyopita, Limi akiwa na miaka minane, Charles naye alianza kuinama kila alipoamka. Limi alidhani ni mchezo. Alipiga magoti mbele yake, akamwinamia, akaitikia, "Marahaba, Charles! Marahaba!" huku akicheka. Hakumwambia mtu, ilikuwa siri yao wawili. Wiki zilipopita, Charles aliacha kumtazama machoni. Kisha akashindwa kukaa. Alishikwa na degedege refu, akafariki kabla ya kutimiza mwaka.

Tangu siku ile Limi aliamini jambo moja: yeye ndiye aliyemfundisha Charles kuinama.

Mama aliporudi jioni, Limi alimweleza. "Mama, Marselino anashtukashtuka. Si mara moja, ni mfululizo."

"Ni mchango tu wa tumbo. Watoto wote hushtuka." Lakini fundo la mzigo wa vitenge lilimshinda kufungua. "Usiseme tena maneno hayo humu ndani."

Jumanne mtoto aliinama tena alipoamka. Jumatano vilevile. Ndani ya nyumba kila mtu alitembea polepole, kama vile kuna mtu amelala asiyetakiwa kuamshwa. Alhamisi Marselino hakucheka siku nzima. Alikuwa ameshaanza kujigeuza kifudifudi; sasa alilala tu chali, macho yakitazama ukutani. Limi alitazama ukuta ule. Hapakuwa na kitu.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda shule, alichukua simu ya Mama iliyokuwa kwenye chaji. Marselino alipofumbua macho, alimrekodi. Alihesabu mara ishirini na mbili. Kisha akampelekea Mama simu ile.

Mama alianza kutazama akiwa amesimama. Alimaliza akiwa ameketi sakafuni.

"Mama, hata Charles alifanya hivi," Limi alisema, machozi yakimtoka. "Niliona, sikusema. Nilikuwa namwitikia marahaba. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Mama alimvuta, akamkumbatia kwa nguvu. "Hata mimi niliona, mwanangu. Niliambiwa ni mchango, nikataka iwe hivyo."

Bibi alisema wamsubiri Mabula, baba yake Limi, atakayerudi kesho kutoka machimboni, ili waende kwa mganga.

"Mama, nakuheshimu," Febronia alijibu huku akifunga mbeleko. "Lakini leo sisubiri."

Walipanda gari la Geita, wakafika kwa daktari wa watoto aliyeitwa Agapiti. Marselino alikuwa ametulia tuli kwenye kitanda cha kupimia. Hakuwa na homa. Hakuinama hata mara moja.

"Shikamoo, Daktari," Limi alisema, akanyoosha simu. "Hufanya akiamka."

"Marahaba." Daktari alitazama mara mbili, uso wake ukabadilika. "Umefanya la maana sana kurekodi. Mtoto akishtushwa na kelele akarusha mikono mara moja, au mkono ukitetemeka na kuacha ukiushika, mara nyingi si hatari. Lakini kuinama kwa mfululizo, hasa akiamka, au kuacha kucheka na kusahau alichokwisha kujifunza, ni dalili za kuletwa hospitali siku hiyo hiyo. Hii ni aina ya kifafa cha watoto wachanga. Akibadilika rangi au akishindwa kupumua, hapo hamngoji hata dakika moja."

"Daktari," Limi aliuliza taratibu, "mtoto anaweza kufundishwa kuinama hivi? Mdogo wangu mwingine naye aliinama, akafariki."

Daktari alimtazama Mama, kisha akachuchumaa mbele ya Limi. "Hapana. Hata kidogo. Ugonjwa huu unatoka ndani ya ubongo. Huyo mwingine sikumwona, siwezi kusema kilichomchukua. Lakini si wewe."

Limi alilia pale pale, na Mama akalia naye.

Siku iliyofuata walipelekwa Mwanza kwa kipimo cha umeme wa ubongo, na Marselino akaanzishiwa dawa. Baada ya wiki mbili aliacha kuinama. Kicheko kilichelewa, kilirudi katika mwezi wa pili wa dawa, siku Bibi alipopiga chafya. Kukaa kulichelewa zaidi, na Daktari Agapiti alisema wataendelea kumfuatilia.

Jioni moja, wakikunja vitenge, Mama alisema, "Charles alikuwa na macho kama yako." Alikunja kitenge kingine, akaendelea, "Nilikunyamazisha, Limi, na nilikosea. Ukiona jambo kwa mtoto linalokutia hofu, sema siku ile ile. Nikikukataza, sema tena. Nisiposikia, mwambie baba yako, mwambie mwalimu, mwambie nesi. Mtoto mchanga hana mwingine wa kumsemea."