Wakazi wa Chujio la Mama Povu

Mtaa mzima ulimwita Mama Povu. Alikuwa dobi, na doa lilikuwa adui yake. Mumewe alipiga pasi. Shati likitoka kwao, ungetamani kulala nalo.

Nyumbani walikuwa na chujio la maji: pipa refu lililojaa mchanga. Maji ya kisima waliyamimina juu, yakatoka safi kwenye bomba la chini. Mwaka mzima kitinda mimba wao, mwenye miaka miwili, hakuumwa tumbo.

Siku moja Mama Povu alifunua pipa. Juu ya mchanga aliona utando wa kahawia unaoteleza. Aliona aibu. Dobi gani huyu mwenye uchafu ndani ya nyumba yake? Akatoa mchanga wote, akaufua mara tatu kwa sabuni na dawa ya madoa, kisha akaurudisha.

"Mke wangu, nao niupige pasi?" mumewe akamtania.

Baada ya siku nne hakuna aliyecheka. Mtoto alihara kutwa nzima. Macho yalizama, akilia machozi hayatoki. Mama Povu aliogopa kumpoteza. Wakamkimbiza zahanati. Huko alinyweshwa dawa ya kurudisha maji mwilini, kijiko kwa kijiko, hadi akapata nafuu.

Kesho yake, wakiyashuku maji, walimwita mama mmoja, fundi wa machujio. Fundi alichungulia pipani, akaguna.

"Utando uko wapi?"

"Niliuondoa, fundi. Ulikuwa uchafu."

"Basi umewafukuza wafanyakazi wako."

"Wafanyakazi gani tena?"

"Ule utando ni viumbe hai, wadogo mno. Huwezi kumwona mmoja kwa macho. Ni mamilioni, wa aina nyingi, na wanaishi pamoja kama sisi hapa mtaani. Vijidudu vya kuhara vikishuka na maji, vingi hunaswa pale na kuliwa. Mchanga peke yake hauiwezi kazi hiyo."

"Mimi nilijua vijidudu vyote ni maadui."

"La, mama. Wapo kwenye udongo, wanaozesha majani yawe mbolea. Wapo tumboni mwako, wanakusaidia kusaga chakula. Hata kwenye chemchemi za maji ya moto wapo. Kila jamii na makao yake. Wa chooni wakiingia kisimani, hapo ndipo tunaumwa."

Mama Povu alishika kichwa. "Na mimi nimewamwagia dawa ya madoa!"

"Usilolijua ni usiku wa giza," mumewe akasema kwa upole.

"Watarudi, fundi?" Mama Povu akauliza.

"Watarudi wenyewe, kama wiki nne hivi. Mimina maji kila siku. Mchanga usikauke, maji yaufunike kwa upana wa vidole vitatu. Yakianza kutoka polepole, nawa mikono, koroga juujuu tu, uchote maji yaliyochafuka. Sabuni na dawa, hapana. Na kwa sasa, chemsheni maji ya kunywa."

Walifuata yote. Wiki zikapita, utando ukarudi. Mama Povu alikuwa akiuchungulia kila asubuhi, akiustaajabia. Mtoto naye alinenepa, akawa anapindua mabeseni ya nguo.

Siku moja mteja alikuja kuchukua mashuka yake, akakuta pipa wazi.

"Makubwa haya. Mama Povu, nawe una uchafu?"

Mama Povu akalifunika pipa taratibu.

"Hao si uchafu, ndugu yangu. Hao ni mafundi, na leo wako kazini."