Mega Themanini na Sita

"Picha zetu ziko wapi?"

Mchumba wangu alikuwa anakunja mashuka katika chumba cha wakunga, nami nimeshika simu yake, nafungua albamu moja baada ya nyingine. Tupu! Miaka mitatu ya mapenzi, hata kivuli changu hakimo.

"Si nakuuliza wewe? Hata ile ya siku niliyokuvisha pete?"

"Nimeziondoa."

"Kwa ajili ya nani?"

Hapo ndipo aliponyanyua uso. "Unaniuliza hivyo mbele ya wenzangu?"

Wakunga wawili waliokuwa wanakunywa chai wakajifanya wanatazama dirishani. Mimi na wivu wangu hatukujali. Nikasema maneno ambayo mpaka leo yananitia aibu, kwamba mwanamke hafuti picha za mwanaume ila amepata mwingine.

Akachukua simu yake. Akavua pete, akaiweka kiganjani mwangu taratibu.

"Nenda nyumbani, fundi. Nina zamu."

Fundi ndiye mimi. Natengeneza programu za simu, na wakati huo nilikuwa nimemaliza moja ya kuwasaidia wakunga kufuatilia wajawazito: nani anakaribia kujifungua, nani kakosa kliniki. Zahanati yao ndiyo ilikuwa inaijaribu, na aliyeniombea kwa mkunga mkuu ni huyohuyo mchumba wangu. Mara mbili aliniambia, "Programu yako nzito, mpenzi. Simu zetu ndogo." Nami nikacheka, "Mega themanini na sita tu? Nunueni simu!" Yangu ilikuwa na nafasi tele, ningejuaje.

Nimefika nyumbani, hata viatu sijavua, mama akapiga.

"Mwanangu, umemfanya nini mkwe wangu? Nimempigia, sauti si yake kabisa."

"Mama, kafuta picha zangu zote. Ana mtu."

Mama akacheka mpaka akakohoa.

"Ana mtu, ndiyo. Ana mjinga mmoja nimemzaa mwenyewe! Picha zote ninazo mimi. Alikuja Jumapili akanirushia, mia nne na kumi, mchana kutwa. Simu yake imejaa, hiyo programu yako inagoma kuingia. Nikamwambia aachane nayo. Akasema, 'Mama, nisipoiweka mimi, wenzangu hawataiweka. Nitunzie hizi mpaka aipunguze.'"

"Mpaka nani aipunguze?"

"Wewe, baba. Mwenzio wala hana shaka kwamba utaipunguza."

Nikakaa sakafuni. Nililia, sioni haya kusema.

Kesho yake nikaipekua programu yangu kama begi la safari lililonishinda kubeba. Aina kumi na mbili za herufi, ninazotumia ni mbili. Ramani isiyo na hata kitufe cha kuifungulia. Video ya kukaribisha watumiaji, nimo mimi nimevaa tai. Na picha arobaini za mtoto tumboni, moja kwa kila wiki, kila moja nimeiweka mara tatu kwa ukubwa tofauti. Hizo nilizipenda mno. Nikamtumia ujumbe:

"Samahani kwa yote. Picha za mtoto tumboni mnazihitaji?"

Saa nzima ikapita, ndipo likaja jibu:

"Sisi tunapapasa tumbo, fundi."

Nililisoma mara kumi. Alikuwa amenijibu. Nikafuta picha zote mia moja na ishirini huku natabasamu peke yangu.

Ijumaa asubuhi nikaenda zahanati. Wale wakunga wawili walikuwepo, na chai yao. Nikawaomba radhi kwa sauti ileile niliyomwaibisha nayo mwenzao, kisha nikamgeukia.

"Ipakue tena."

Akabonyeza. Ikaingia kabla hajakaa vizuri.

"Ngapi hii?"

"Mega saba."

"Na tai yako?"

"Imekwenda na maji."

Akaangua kicheko. Mkunga mmoja akadakia, "Hata kwangu imeingia! Na sijafuta wimbo hata mmoja!"

"Asante," nikamwambia mchumba wangu.

"Unanishukuru mimi? Si umehangaika wewe?"

"Uliamini nitaipunguza, na mimi hata sijakubali kwamba ni nzito. Sitasahau."

Akapangusa macho. Simu yake ikaanza kulia, mlio juu ya mlio. Mama, kama nilivyomwomba, alikuwa anazirudisha picha. Tukasimama bega kwa bega tukizitazama zinavyoingia, mpaka ikafika ile ya pete.

"Na pete yenyewe iko wapi?" akauliza.

Nikaitoa mfukoni. Akanyoosha kidole.

"Zote zikirudi, bado nafasi itabaki," akasema.

"Ya nini?"

"Ya picha za harusi. Ila hiyo tai usije nayo."