Chupa Iliyogeuka Nyeusi

"Kisima chetu kimefunikwa kwa saruji, dada. Kitachafukaje?" mama mdogo aliuliza kwa mara ya tatu.

"Usiniulize mimi. Iulize chupa," mama yake Machachari alimjibu.

Chupa mbili zilikuwa dirishani, moja kwa kila kisima pale nyumbani. Mhudumu wa afya alizijaza maji ya visima hivyo na kutia dawa juzi, akaeleza kwamba maji yakigeuka meusi yana uchafu wa kinyesi. Chupa yenye karatasi ya kisima cha mama mdogo ilikuwa nyeusi tititi.

Machachari alijibanza mlangoni. Alfajiri alipozichungulia, chupa nyeusi ilikuwa ya kisima chao. Kijicho kikamshika. Tangu baba mdogo ajenge kisima cha pampu, kila mgeni alikisifia, na binti yake, Bingwa, alivuta maji kwa mkono mmoja huku akiimba. Wao walikuwa bado na kamba na ndoo, mbuzi wakizurura ukingoni. Hata kwenye chupa washindwe? Akabandua karatasi, akazibadilisha.

Mama mdogo akamtuma Bingwa akachote kwenye kisima cha kamba. Bingwa alirudi na ndoo bila kinyongo, akimtania Machachari kwamba leo kisima chao kimepanda cheo. Kisha akamjazia kikombe mdogo wake, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amepona kuhara.

Kikombe kilipokaribia mdomo, Machachari alikipiga kikaanguka.

"Asinywe. Nyeusi ni ya kwetu. Nilibadilisha karatasi."

Wote walimtazama. Bingwa ndiye aliyesema kwanza, polepole. "Kama ni pampu, si ungekuja tu ukavuta?"

Machachari aliinamisha kichwa, akaomba radhi kwa sauti iliyokwaruza.

Mama hakugomba. "Wivu hata mimi ninao. Pampu ile inaniuma," alisema. "Lakini wivu wangu simnyweshi mtoto wa mtu. Kipimo kiko pale kutuambia ukweli, hata ukiwa mchungu. Ukikidanganya, anaugua asiye na kosa."

Kisha akatoka. Aliifungua kamba ya ndoo, akaswaga mbuzi, akafunika kisima kwa bati, na Machachari akabeba mawe ya kulikandamiza. Mama alisema kisima hakitafunguliwa mpaka kizungushiwe ukuta, kitiwe dawa na kupimwa upya. Mama mdogo alisema tu kwamba pampu haina mwenyewe.

Machachari aliisugua ndoo kwa sabuni, akaisuuza kwa maji ya pampu, akashika mpini na kuanza kuvuta.