Hati ya Gari la Malkia

Kila asubuhi, mama alimsukuma Malkia kwenye kiti cha magurudumu hadi chini ya kilima, na hapo safari ya magurudumu ikaishia. Njia ya kupandia shuleni ilikuwa ya mawe na makorongo. Mama aliinama, Malkia akamkumbatia shingoni, wakapanda. Nyuma yao alikuja Chiriku, kiti kimekunjwa kichwani na mikoba miwili begani.

"Mama, kulia kuna jiwe! Chiriku, usibaki nyuma!" Malkia aliamuru kutoka mgongoni.

Alikuwa na miaka tisa. Miguu yake haikuwa na nguvu tangu alipougua akiwa mchanga, lakini ulimi wake ulikuwa mzima kabisa, na kwa jinsi alivyowaagiza watu, jina la Malkia lilimkaa. Dada yake wa miaka kumi na miwili aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Mwaka huo Malkia alikuwa amerefuka na kuongezeka uzito. Mama alipofika juu alishika kiuno, akavuta pumzi, kisha akarudi nyumbani kwenye cherehani yake bila kulalamika.

Ndipo Mjomba, aliyefanya kazi karakana ng'ambo, alipopiga simu. Alikuwa amenunua gari dogo lililotumika, ambalo mlango wake wa nyuma ulishusha ubao ili kiti cha magurudumu kipande moja kwa moja. Mama, ambaye zamani aliendesha gari la kiwanda cha mikate, angeweza kulipitisha barabara kuu iliyozunguka kilima. Mama alilia kwa furaha hadi simu ikalowa.

"Litafika lini?" Malkia aliuliza.

"Lilikaa bandarini siku kumi likingoja meli. Leo limepakiwa," Mjomba alisema. "Huko baharini ni kama wiki sita."

"Wiki sita! Kwani meli inasukumwa kwa mikono?"

Mjomba alicheka. "Meli si basi, mwanangu, useme shusha hapa. Inapitia bandari nne, na kila bandari inashusha na kupakia. Ikifika kwenu, kuna ukaguzi na mambo ya forodha. Hapo weka wiki moja au zaidi. Mvumilivu hula mbivu."

"Basi ziwe zimeiva kweli," Malkia alijibu.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumamosi, bahasha ilifika kutoka kwa Mjomba. Mama alikuwa akimalizia sare za shule, na mwenye sare alikuwa njiani.

"Chiriku, hii ni hati ya shehena," alisema. "Bila karatasi hii, gari litasimama mbele ya macho yetu na hatutapewa. Ipeleke kwa wakala wa forodha kabla hajafunga. Usipitie popote."

"Sawa, mama."

Chiriku alikusudia hivyo hasa. Lakini karibu na bomba la maji aliwakuta wenzake wakiruka kamba. "Raundi moja tu," walimwambia. Aliweka bahasha ukingoni mwa birika la maji, akaruka. Raundi moja ikazaa ya pili, ya pili ikazaa ya tano. Alipogeuka, bahasha ilikuwa inaelea majini.

Aliitoa haraka. Wino ulikuwa umetapakaa. Alipojaribu kuikausha kwa sketi, karatasi ikachanika vipande viwili. Aliirudisha nyumbani kwa siri, akaificha chini ya godoro.

"Umefikisha?" mama aliuliza.

"Nimefikisha."

Neno moja tu, kutoka kwa mtoto mwenye maneno elfu.

Tangu siku ile Chiriku akawa kimya. Malkia alipopanga nani atakaa dirishani, yeye alitoka nje. Usiku alihisi kama ile karatasi inamchoma kupitia godoro. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye aliona yake inakaribia kuisha.

Wiki moja ikapita hivyo. Asubuhi moja, mvua ikiwa imelowesha kilima, mama aliteleza. Alipiga magoti kwenye mawe, akajipinda ili Malkia asiangukie uso. Malkia alichubuka kiwiko. Goti la mama lilitoka damu.

"Hatujaumia sana, tumshukuru Mungu," mama alisema akihema. "Siku si nyingi, wanangu. Namshukuru mjomba wenu. Nawe Chiriku, asante kwa kupeleka ile hati."

Shukrani ile ilimchoma Chiriku kuliko kiboko. Aliangusha kiti chini.

"Sikuipeleka, mama! Iliingia majini nikicheza. Nimeificha."

Mama alikifuta kiwiko cha Malkia kwa kanga yake. Hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Chiriku zaidi. "Mchana tutakwenda kwa wakala," alisema hatimaye. "Na utasema wewe, si mimi."

Wakala alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alisikiliza, akavipanga vile vipande mezani, kisha akatazama kompyuta yake.

"Meli ina wiki tatu kabla ya kufika," alisema. "Kampuni ya meli inaweza kutoa hati nyingine, lakini aliyepakia gari lazima aende mwenyewe akaape kwamba hii imeharibika. Inaweza kuchukua wiki tatu hizohizo. Tusipoteze hata dakika."

Chiriku alimpigia Mjomba simu papo hapo. Aliungama huku kamasi zikimtoka.

"Ofisi yao iko mbali, saa nne kwa treni," Mjomba alisema. "Nitaomba ruhusa kazini kesho. Umeniudhi, Chiriku, sikufichi. Lakini afadhali nimelisikia kwako."

Hati mpya ilifika siku mbili kabla ya meli kutia nanga. Ukaguzi na forodha vikachukua siku tisa, na kila siku Chiriku alitoka shuleni moja kwa moja hadi ofisini kuuliza kama kuna karatasi ya kupeleka.

Tangu Mjomba alipolifikisha bandarini kule ng'ambo, gari lilichukua siku sitini na moja. Lilikuwa limejaa vumbi, na betri yake imekufa safarini. Fundi wa yadi aliliamsha kwa betri nyingine. Mama aliushusha ubao. Malkia alijisukuma mwenyewe hadi ndani, akageuka, na kwa mara ya kwanza hakuwa na amri yoyote ya kutoa. Alikuwa akilia.

Mama alimshika wakala mikono yote miwili. "Sijui nikushukuru vipi."

"Mshukuru na huyu," wakala alisema, akimwelekea Chiriku. "Angesubiri hadi meli ifike, gari lingekaa hapa mwezi mzima."

Chiriku aliinamisha kichwa. "Lakini mimi ndiye niliyeiharibu, mama."

"Ndiyo, wewe," mama alisema, akimvuta kifuani. "Karatasi kulowa ni uzembe, nao hurekebishika. Kuificha ndiko kungetuangamiza. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, wakati watu bado wana nafasi ya kukusaidia. Leo nashukuru kwa gari, na nashukuru kwamba ukweli wako uliwahi kufika kabla ya meli."